Safu Iliyokosekana: Kumbukumbu za Reli ya Uganda na Historia ya Afya ya Akili ya Wajenzi katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mateso ya moyo na akili ya wafanyakazi wa ujenzi yalivyoandikwa, au yalivyoachwa bila kuandikwa, katika historia ya Afrika Mashariki tangu ujenzi wa Reli ya Uganda (1896–1901). Kwa kusoma upya hesabu rasmi za reli hiyo, tukio la Tsavo la mwaka 1898, msamiati wa Kiswahili wa kazi ya ujira, nadharia za wataalamu wa magonjwa ya akili wa enzi ya ukoloni na majedwali ya sheria za fidia, makala yanadai kwamba hofu na huzuni ya mjenzi viliingia katika kumbukumbu pale tu viliposimamisha kazi. Makala yanahitimisha kwamba sera za leo za afya ya akili kazini zinahitaji mambo mawili kwa pamoja: lugha ambayo mjenzi anaweza kuitumia bila kujidhalilisha, na utaratibu wa kuondoa chanzo cha mateso badala ya kumfunza mjenzi kuyavumilia.

Maneno muhimu: afya ya akili, wajenzi, Reli ya Uganda, kibarua, istilahi

1.0 Utangulizi

Ripoti ya mwisho ya kamati iliyosimamia ujenzi wa Reli ya Uganda inatoa hesabu ya wafanyakazi walioletwa kutoka India kwa mikataba. Jumla yao ilikuwa 31,983. Kati ya hao, 16,312 walirejea India, 6,454 walirudishwa kwa sababu ya maradhi au ulemavu, 2,493 walifariki, na 6,724 walibaki Afrika Mashariki. Mtu akijumlisha safu hizo nne atapata idadi ile ile ya mwanzo bila kupungukiwa na mtu hata mmoja.

Kwa mhasibu, hesabu hiyo imetimia. Kwa mtafiti wa historia ya kazi, kutimia huko ndiko kunakozua maswali. Kila mtu amepewa mahali pake: aliyerudi, aliyeugua, aliyekufa, aliyebaki. Hakuna safu ya mtu aliyerudi akiwa mzima wa viungo lakini asiyeweza tena kulala usiku. Aidha, maelfu ya Waafrika waliofyeka njia, waliobeba mizigo na kuchimba udongo hawamo kabisa katika hesabu hiyo, kwa kuwa hawakusafirishwa kwa meli wala hawakuwa na mkataba wa aina ile.

Swali la makala haya ni hili: je, kukosekana kwa safu hiyo kulitokana na kutokuwepo kwa mateso, au kulitokana na namna kazi ya ujenzi ilivyofahamika na kuandikwa? Swali hilo si la zamani tu. Eneo letu limeingia tena katika kipindi cha ujenzi mkubwa. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017. Tanzania inaendelea kuisogeza reli yake kutoka Dar es Salaam kuelekea bara. Na mradi wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 unaiunganisha Hoima, Uganda, na Chongoleani, Tanga. Kila mradi wa namna hii huandika hesabu zake, na safu zinazochorwa leo ndizo watafiti wa kesho watakazozisoma.

2.0 Tsavo, 1898: Hofu Iliyosimamisha Kazi

Ujenzi ulianza Mombasa mwezi Mei 1896. Baada ya kupita nyika ya Taru, ambako maji yalikuwa shida kubwa, reli ilifika mto Tsavo, na mwezi Machi 1898 mhandisi J. H. Patterson alipelekwa huko kusimamia ujenzi wa daraja. Malaria, kuhara damu, vidonda na funza vilikuwa vimekwisha kuwadhoofisha wafanyakazi wengi. Juu ya hayo, simba dume wawili walianza kuingia kambini usiku na kuwachukua watu mahemani.

Kitabu cha Patterson kilichochapishwa mwaka 1907 husomwa zaidi kama hadithi ya uwindaji. Kikisomwa kama kumbukumbu ya kazi, kinaonyesha jambo jingine. Kwa miezi kadhaa wafanyakazi walibuni njia zao wenyewe za kujilinda. Walizungushia kambi maboma ya miiba, wakawasha mioto usiku kucha, wakapiga madebe ili kuwatisha wanyama. Baadhi yao walipandisha vitanda juu ya miti, mapaa na matangi ya maji. Wengine walichimba mashimo ndani ya mahema, wakaingia humo usiku na kujifunika kwa magogo. Asubuhi watu hao hao walitakiwa kurudi darajani kuchonga mawe na kunyanyua vyuma. Mtu aliyekesha shimoni kwa wiki nyingi akisikiliza mwenzake akiburutwa hawezi kuhesabiwa kuwa mzima kwa sababu tu mikono yake bado inafanya kazi.

Mwanzoni mwa Desemba 1898 wafanyakazi walimwendea Patterson kwa pamoja. Kwa mujibu wa maelezo yake, walimwambia kwamba walikubali kutoka India kuja kuifanyia kazi serikali, si kuwa chakula cha simba. Kisha wengi wao walijilaza relini mbele ya treni, ikasimama, wakaipanda na kuondoka. Kazi ililala kwa muda wa wiki tatu hivi. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba. Habari zilipoenea, waliokimbia walirejea, na daraja likakamilika mapema mwaka uliofuata.

Idadi ya waliouawa imebishaniwa kwa muda mrefu. Katika kitabu chake Patterson anataja Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa. Uchunguzi wa kikemia wa mabaki ya simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Kwa makala haya, hata hivyo, idadi ya waliouawa si muhimu kuliko hali ya maelfu walioshuhudia. Mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, hofu ya wafanyakazi haikuwa ugonjwa. Ilikuwa tathmini sahihi ya hatari, iliyofanywa na watu walioijua kuliko ofisi ya Mombasa. Pili, hofu hiyo ilisemwa, tena kwa maneno ya wazi na kwa sauti ya pamoja. Haiwezi kudaiwa kwamba wafanyakazi walikosa lugha. Tatu, kilichowarudisha kazini hakikuwa nasaha wala amri, bali kuondolewa kwa chanzo cha hofu.

Pamoja na hayo yote, tukio hilo limehifadhiwa kwa sababu moja kuu: lilichelewesha kazi. Wiki tatu za daraja kusimama zilikuwa na gharama, kwa hiyo zilihitaji maelezo. Miezi iliyotangulia, ambamo watu waliogopa vivyo hivyo lakini wakaendelea kuchonga mawe, inatajwa kama mandhari tu. Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo makala haya yanaifuatilia hadi leo: hofu iliyosimamisha kazi iliandikwa, hofu iliyoendelea kufanya kazi haikuandikwa.

3.0 Kibarua, Kipande na Nyapara

Lugha ya Kiswahili yenyewe ni kumbukumbu ya uhusiano huo kati ya maandishi na mfanyakazi. Neno kibarua, kwa asili yake, ni udogo wa barua. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, inaeleza kwamba mfanyakazi wa kutwa aliitwa hivyo kutokana na cheti alichopewa ili kuthibitisha kazi yake. Katika Zanzibar ya karne ya 19, watumwa waliokodishwa na mabwana wao kufanya kazi za ujira waliitwa vibarua pia, na sehemu ya malipo yao ilikwenda kwa bwana. Hivyo jina la karatasi likawa jina la mtu. Anayeitwa kibarua anatambulishwa kwa kithibitisho cha siku moja, na jua likitua kithibitisho hicho hakimdai mwajiri chochote zaidi.

Neno kipande lina historia inayokaribiana nayo. Nchini Kenya lilihusishwa kwanza na tikiti ya siku 30 za kazi, kisha na cheti cha usajili ambacho sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kukibeba. Cheti hicho, kilichotiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni, kilionyesha mwajiri, mshahara na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Kilimfuata mfanyakazi kila alipokwenda, lakini hakikuwa na nafasi ya yeye mwenyewe kueleza lolote juu ya kazi aliyoifanya.

Nyapara naye alitoka katika misafara ya bara, ambako mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi aliyeaminiwa na watu wake. Katika kambi za kazi za kikoloni neno hilo lilihamia kwa msimamizi aliyehimiza na kutisha. Mtu ambaye zamani angepelekewa malalamiko akawa ndiye anayelalamikiwa. Hasara ya badiliko hilo haikuwa ndogo, kwa kuwa iliondoa katika eneo la kazi sikio la karibu zaidi.

Msamiati huu haujafa. Mjenzi wa leo katika miji yetu bado huitwa kibarua, na akiachishwa kazi husemwa kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Nahau hiyo inachekesha, lakini inabeba hofu halisi. Mtu anayeajiriwa asubuhi na kulipwa jioni hawezi kumwambia msimamizi wake kwamba hakulala, kwamba ana msiba, au kwamba tangu mwenzake aanguke jukwaani yeye hutetemeka akipanda ngazi. Kesho hataitwa jina langoni, wala hakutakuwa na barua ya kumfukuza kwa sababu hapakuwa na barua ya kumwajiri.

4.0 Nadharia Iliyoziba Masikio

Sababu za kukosekana kwa safu tunayoizungumzia haziishii katika uchumi. Zilipewa pia sura ya kisayansi. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 na baadaye ikaitwa Mathari. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari J. C. Carothers, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 na kusomwa kote barani.

Carothers alitambua kwamba wagonjwa wengi waliofikishwa hospitalini walikuwa watu walioacha makwao kwenda kufanya kazi za mshahara. Uchunguzi huo ungeweza kumfikisha kwenye kambi za kazi, kwenye mabweni ya wanaume waliotenganishwa na wake na watoto wao, na kwenye mishahara iliyokadiriwa kana kwamba mfanyakazi hana familia. Badala yake aliuelekeza kwenye akili ya Mwafrika, ambayo aliiona haijakomaa kuyahimili maisha mapya. Pia alishikilia kwamba sonona ilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika.

Nadharia hiyo ilikuwa na matokeo ya kiutendaji. Iwapo Mwafrika hapatwi na sonona, basi mfanyakazi aliyenyamaza, aliyepunguza mwendo au aliyetoroka kambini hana la kuchunguzwa ila uvivu na utundu. Maneno hayo mawili yalikuwa na nafasi katika kumbukumbu za waajiri. Huzuni haikuwa nayo.

Ushahidi wa kuipinga nadharia hiyo ulitoka Uganda. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji viwili vya nchi hiyo, ambao ulionyesha kwamba dalili za sonona zilikuwa nyingi kuliko miongoni mwa wakazi wa eneo la London waliolinganishwa nao. Kilichokuwa nadra, kwa hiyo, kilikuwa kuulizwa. Wanavijiji walipoulizwa kwa lugha yao na kwa utaratibu, walijibu.

5.0 Baada ya Uhuru: Makaburi na Majedwali

Uhuru ulibadili maana ya ujenzi, lakini haukubadili sana namna ya kuuhesabu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Iliitwa Reli ya Uhuru, na waliojenga sehemu ngumu za milima na mabonde kati ya Mlimba na Makambako walifanya hivyo wakijua kwamba wanaikomboa Zambia kutoka katika utegemezi wa njia za kusini. Kusudi la namna hiyo ni nguzo ya moyo, na wasimulizi wengi wa reli hiyo hulikumbuka kwa fahari. Lakini kumbukumbu inayoonekana wazi zaidi ya gharama yake kwa binadamu ni makaburi ya wataalamu wa Kichina yaliyoko nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Kwa mara nyingine, aliyekufa ana alama. Aliyeishi na kumbukumbu za ajali iliyomuua mwenzake hana.

Sheria nazo zilifuata njia hiyo. Sheria za fidia kwa wafanyakazi zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuja na majedwali yanayopima hasara ya kiungo kwa asilimia: kidole gumba, jicho, mguu juu ya goti. Mfumo huo wa majedwali umeendelea katika sheria ya Uganda ya mwaka 2000, ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Tanzania ya mwaka 2008. Haukosi faida. Mjenzi aliyekatika vidole anajua anachokidai na wakili wake anajua aanzie wapi. Tatizo ni kwamba jedwali hufundisha macho. Mkaguzi aliyezoea kutafuta kiungo kilichopungua humwona mzima yeyote mwenye viungo kamili.

Katika ngazi ya kimataifa milango imekuwa wazi kwa muda mrefu. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ulieleza kwamba afya kazini si kukosekana kwa ugonjwa tu, bali inajumuisha mambo ya mwili na ya akili yanayohusiana moja kwa moja na usalama wa kazi. Mwaka 2010 orodha ya shirika hilo ya maradhi yatokanayo na kazi iliongezewa maradhi ya akili, yakiwemo yanayosababishwa na kiwewe cha tukio la kutisha. Mwaka 2022 Mkataba Na. 155 uliingizwa miongoni mwa mikataba ya msingi, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo juu ya afya ya akili kazini. Nchi zetu nazo zimezirekebisha sheria zao za afya ya akili: Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, na Kenya kwa marekebisho ya mwaka 2022. Pengo lililobaki liko kati ya maandishi hayo na jukwaa la ujenzi, na kwa sehemu kubwa ni pengo la lugha.

6.0 Akili, Moyo na Mawazo

Istilahi iliyokubalika katika sera ni afya ya akili. Kwa mtunga sera haina doa. Kwa mjenzi, neno akili lina kazi nyingine. Kukosa akili ni tusi, na ugonjwa wa akili ni wazimu, neno lenye mnasaba na mzimu. Katika mazungumzo ya kila siku, majina ya Mirembe, Mathari na Butabika hutumiwa kumdhihaki mtu, kama vile hospitali hizo si mahali pa tiba. Afisa wa usalama akiwauliza wajenzi mbele ya wenzao nani ana tatizo la akili, hatapata jibu, na kimya hicho kitaandikwa kuwa ushahidi kwamba tatizo halipo. Hilo ndilo kosa la Carothers likirudiwa kwa nia njema.

Wajenzi hao hao wana maneno mengine. Mtu husema ana mawazo, au mawazo yamemzidi. Husema moyo umekuwa mzito, amevunjika moyo, amekosa raha. Maneno haya hayamtengi msemaji na wenzake, kwa sababu kila mtu amewahi kuwa na mawazo. Ni lango la mazungumzo ambalo istilahi za kitaalamu, kama vile sonona, mfadhaiko na msongo, haziwezi kulifungua zikitangulia, ingawa zinahitajika mtu akishafika kwa mtaalamu.

Sambamba na hayo upo msamiati wa ustahimilivu: jikaze, piga moyo konde, mvumilivu hula mbivu. Hatuna budi kuuheshimu, kwani umewavusha wengi. Lakini ukitoka kinywani mwa msimamizi hugeuka kuwa amri ya kunyamaza. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu anayeficha. Historia tuliyoipitia inatutaka tuulize pia ni nani aliyemfanya aone kuficha ndiyo njia pekee ya kulinda kibarua chake.

Uzito wa swali hilo unaonekana pale hesabu zilipofanywa. Takwimu rasmi za vifo vya kujitoa uhai nchini Uingereza katika miaka 2011 hadi 2015 zilionyesha kwamba hatari kwa vibarua wa ujenzi wa kiume ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wastani wa wanaume wote. Hatuwezi kuihamisha tarakimu hiyo hapa kwetu. Tunachoweza kujifunza ni kwamba ilijulikana kwa sababu kazi ya marehemu iliandikwa, na mtu fulani akaamua kuzilinganisha safu hizo.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii haidai kwamba maneno yanaponya. Wafanyakazi wa Tsavo walisema waziwazi, na hawakusikilizwa mpaka walipolala relini. Inadai kwamba maneno na mamlaka vinapaswa kukutana. Kwa msingi huo makala yanapendekeza mambo yafuatayo.

(a) Fomu za ajali katika miradi ya umma ziwe na sehemu inayoeleza saa alizofanya kazi majeruhi, siku tangu alipopumzika au kwenda nyumbani mara ya mwisho, na hali ya wenzake walioshuhudia ajali. Mashuhuda wapewe mapumziko yenye malipo kabla ya kurudishwa mahali pale pale.

(b) Mikataba ya ujenzi inayogharimiwa na serikali imhesabu mfanyakazi wa kutwa kuwa na haki ya kurudi kazini baada ya ugonjwa uliothibitishwa, ukiwemo wa akili. Bila haki hiyo, ushauri nasaha wowote utabaki kuwa mtego machoni pa kibarua.

(c) Vikao vya asubuhi vya usalama viendeshwe kwa Kiswahili cha eneo la kazi, na wasimamizi wafunzwe kuuliza kwa maneno ambayo wajenzi huyatumia. Vyombo vya lugha, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vishirikiane na wataalamu wa afya kuandaa mwongozo mmoja unaoweza kufuata miradi inayovuka mipaka, ili mjenzi wa Hoima na wa Tanga waulizwe swali lile lile kwa namna inayoeleweka.

(d) Kila malalamiko ya hofu au uchovu yachunguzwe kwanza kama taarifa ya hatari, na baadaye kama hali ya mtu. Kabla ya kumpeleka mjenzi kwa mshauri, mkaguzi akatazame jukwaa lenyewe, zamu za usiku, bweni na malipo yaliyocheleweshwa.

Pendekezo la mwisho ndilo linalobeba funzo la mwaka 1898. Waliorejea Tsavo hawakuwa wamefundishwa ujasiri. Walirejea kwa sababu simba hawakuwepo tena. Ripoti ya reli ile iliweza kumpanga kila mtu katika safu nne na kuifunga hesabu. Ripoti za miradi ya leo bado hazijafungwa, na nafasi ya kuchora safu ya tano ingali ipo.